Sadaka na Jasho la Mwingine

Mwaka 1967 mambo mawili yalitokea huku kwetu kaskazini. Azimio la Arusha lilitangazwa, likikataa mtu kuishi kwa jasho la mwenzake. Mwaka huohuo, huko Mirerani, yaligunduliwa mawe ya buluu ambayo leo dunia inayaita tanzanaiti. Tangu hapo tunaishi katikati ya mambo hayo mawili.

Utajiri wenyewe si dhambi. Juni 2020 tulifurahi pamoja na Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Simanjiro, alipoiuzia Serikali mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, akasema anataka kujenga shule kwao. Lakini tusiwasahau wanaapolo. Kwa miaka mingi wengi wao walishuka shimoni bila mshahara, wakipewa chakula na ahadi ya mgawo endapo jiwe litapatikana. Aprili 1998 maji ya mvua yalijaa mashimoni, na makumi yao hawakutoka wakiwa hai. Machi 2008 yakatokea tena.

Basi tujiulize: mwenye mali akileta sadaka kubwa kwenye harambee ya jengo letu, je, sadaka hiyo inalipa deni lake kwa aliyemfanyia kazi?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1889 Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, aliandika kwamba tajiri ni mtunzaji tu wa mali, na anapaswa kuitoa kwa faida ya jamii. Miaka mitatu baadaye, katika kiwanda chake cha Homestead, ujira ulipunguzwa, wafanyakazi wakagoma, na damu ikamwagika. Mwaka 1898 maktaba nzuri aliyoitoa ilifunguliwa jirani na kiwanda hicho. Lakini mtu anayefanya kazi saa 12 kwa siku atasoma saa ngapi?

Zakayo alielewa jambo hili vizuri zaidi. Katika Luka 19 hakuwakumbuka maskini peke yao. Aliahidi pia kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Kusaidia ni jambo moja, na kurudisha haki ni jingine. La kwanza halifuti la pili. Naye Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, anapoeleza amri ya saba, anasema wizi si kuvunja sanduku tu, bali pia kujinufaisha kwa hasara ya jirani.

Sisi wachungaji tuna kosa letu hapa. Tunafundisha kwamba wokovu haununuliwi, kisha bahasha nene ikifika tunashangilia na hatuulizi kitu.

Wala tusimnyooshee kidole mwenye mgodi peke yake. Hapa Njiro wengi wetu tuna mlinzi getini na dada jikoni. Yakobo 5 inasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio chake kinamfikia Bwana. Je, tukinunua kuku kwa bei kubwa kwenye mnada baada ya ibada, huku dada akidai mshahara wa miezi miwili, Bwana anasikia nini?

Yesu alifundisha kwamba tukikumbuka ndugu ana neno juu yetu, tuiache sadaka mbele ya madhabahu, tukapatane naye kwanza. Jumapili ijayo, kabla ya kufunga bahasha, tumlipe kwanza anayetudai. Kisha tuje, tutoe kwa furaha.