Faili Halijapotea

Wanangu wa masijala hapa Kinoru, Meru, kaeni kidogo, chai bado ina moto. Ugomvi wenu ninaujua tangu enzi za majalada ya kamba. Mmoja anasema andika vizuri juu ya jalada: mwenye shauri, mwaka, namba ya shamba, yaani hiyo metadata yenu. Mwenziwe anacheka: ya nini kujichosha, na kompyuta inasoma kila neno lililomo? Mnavutana, na mwananchi amesimama dirishani.

Tuanze na huyu wa maneno. Karatasi ya Chuka ya mwaka 1985 inasema Wilaya ya Meru, kwa sababu Tharaka-Nithi haikumegwa hadi 1992. Andika "Tharaka-Nithi" hadi vidole viume, haitatokea. Na haya majina yetu! Karani mmoja kapiga M'Mugambi, mwingine M Mugambi, wa tatu kaunganisha Mmugambi, na kompyuta, isiyojua baba wa mtu, inahesabu wazee watatu. Halafu kuna zile karatasi mlizopiga skani mkaondoka: kama hazikupitishwa kwenye programu ya kutambua herufi, ni picha tu, hazina neno la kutafutwa.

Na wewe wa vibandiko vya juu ya jalada, punguza tabasamu. Mwaka 1995 wataalamu walikutana Dublin, ile ya Ohio, Marekani, wakaanzisha orodha ya kuelezea nyaraka ambayo baadaye ilitulia kwenye vipengele 15. Nyinyi mnajaza viwili, na penye kichwa mnaandika "Barua". Siwalaumu. Saa kumi na moja inanukia, foleni haijasogea, nani ana moyo wa kuwaza mada ya barua? Lakini hata ungejaza vyote, yule jirani wa mpakani aliyetajwa mara moja tu katikati ya shauri la mirathi hatakuwamo. Huyo anapatikana kwa neno la ndani.

Basi vyote viwili vinahitajiana. Pale sokoni Gakoromone gunia la maharagwe limeandikwa Rosecoco, na bado mnunuzi anatia mkono ndani. Ila anautia kwenye gunia hilo, hazunguki kuchokora magunia ya soko zima.

Jaribuni hivyo kwenye hukumu zilizo katika tovuti ya Kenya Law. Ukiandika "ardhi" peke yake utamwagiwa kesi za nchi nzima. Chagua kwanza mahakama ya Meru, chagua mwaka, ndipo uandike eneo la usajili, kama Ntima/Igoki, na namba ya shamba. Usipopata, legeza sharti mojamoja, ukianza na mwaka, maana shauri hufunguliwa leo likaamuliwa miaka kumi baadaye.

Najua mnavyofanya badala yake. Mnasema faili limepotea, mnafungua la muda, halafu la kwanza linajitokeza, na sasa shauri moja lina majalada mawili yasiyokubaliana. Mama wa watu anaambiwa njoo kesho, analipa nauli tena kutoka Mikinduri, na wanawe wameshaanza kutoleana macho kwa ajili ya kipande cha shamba ambacho karatasi yake imelala humo humo ndani.

Basi kila jalada lipate mwaka na namba ya shamba kabla halijaondoka mezani. Mengine mtayajaza mkipata nafasi, ambayo, nawajua, hamtaipata.