Nani anayegeuziwa uso? Nadharia za jamii na madrasa zetu



Ndugu zangu wanafunzi, katika darsa zetu za jioni swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara: Mwislamu ana haja gani na nadharia za jamii anazosomeshwa chuo kikuu? Sisi tunaosoma ualimu, sosiolojia na saikolojia tunakariri majina ya Durkheim na Bourdieu kwa ajili ya mtihani, kisha tunayaacha nje ya msikiti pamoja na viatu. Wapo wanaosema kwamba ndivyo inavyopasa, kwa kuwa elimu ya dini imekamilika na haihitaji kupimwa kwa mizani ya Wafaransa.

Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Durkheim, katika kitabu chake kuhusu dini kilichotoka mwaka 1912, alifikia kusema kwamba kile ambacho watu wanakiabudu, kwa hakika, ni jamii yao wenyewe. Hakuna Mwislamu awezaye kulikubali hilo akabaki na tauhidi yake. Hata hivyo, mimi naona kwamba tukizitupa nadharia hizi zote kwa sababu ya kosa hilo, wapo watakaoumia, nao ni watoto wetu wa madrasa. Naomba tulitazame jambo hili taratibu.

Nadharia ya jamii ni nini?

Kwa maneno mepesi, ni njia ya kueleza mambo ya watu kwa kuangalia mpangilio wanaoishi ndani yake, badala ya kuangalia tabia ya mtu mmoja mmoja peke yake. Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Sote hapa Burundi tumekua tukisikia kwamba Waislamu hawapendi shule, kwamba Mswahili ni mtu wa biashara, udereva na gereji. Maneno haya yanaeleza hali kwa tabia: Waislamu wako hivyo.

Lakini tukiisoma historia tunaona jambo jingine. Wabelgiji walipoitawala nchi hii waliiacha elimu karibu yote mikononi mwa misheni, hasa za Kikatoliki. Kwa mzazi Mwislamu wa Buyenzi au Rumonge, kumpeleka mtoto shuleni kulikuwa ni kumweka katika njia ya ubatizo. Wazazi wengi walichagua kuilinda imani ya watoto wao, na matokeo yake ni kwamba watoto hao waliingia katika kazi zisizodai cheti. Kizazi kilichofuata kikazaliwa katika nyumba zisizo na vitabu vya shule, na cha tatu kikaambiwa kwamba hakipendi elimu. Uamuzi uliofanywa na watawala ukageuzwa kuwa tabia ya waliotawaliwa.

Maelezo haya tunayapenda, na tuna haki ya kuyapenda, kwa sababu ni ya kweli na yanatuondolea aibu tusiyostahili. Lakini hapa ndipo penye mtihani. Mizani tunayoitumia kuipima shule ya misheni, je, tuko tayari kuitumia kuipima madrasa yetu wenyewe? Katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kuisimamia haki na kutoa ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Mwenye kuona dhuluma katika nyumba ya jirani tu, amri hii bado hajaitekeleza.

Watoto wawili, mkeka mmoja

Kwa miaka miwili nimekuwa nikisaidia kufundisha Jumamosi na Jumapili katika madrasa moja ya mtaani. Nitaeleza ninachokiona huko, na naamini wengi wenu mmekiona kwingine.

Watoto wawili wanakaa mkeka mmoja mbele ya maalim mmoja. Wa kwanza kwao kuna msahafu, na baada ya Magharibi baba au kaka yake humsikiliza somo lake. Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, na sauti ya Qur'ani aliizoea kabla hajaijua herufi ya alifu. Wa pili mama yake anauza ndagala sokoni, kwa hiyo asubuhi hubaki na mdogo wake hadi apatikane wa kumpokea. Nyumbani kwao wanazungumza Kirundi tu, na maelezo ya maalim kwa Kiswahili anayadaka nusunusu. Juzuu anaazima kwa mwenzake.

Baada ya miaka mitatu, wa kwanza anasimamishwa kusoma mbele ya wageni katika Ramadhani, na watu wanasema ana kichwa chepesi na amepata baraka. Wa pili bado yumo katika sura fupi za mwisho. Amechapwa kwa kuchelewa mara nyingi kuliko alivyosikilizwa somo lake. Siku moja haji tena. Hakuna anayekwenda kumuuliza, na tunasema hakuandikiwa.

Hapa ndipo Bourdieu anapotufaa. Mtu huyu aliifahamu jamii ya Kiislamu kwa karibu, kwani miaka ya 1950 alikuwa Algeria, kwanza akiwa askari kisha mwalimu na mtafiti. Mwaka 1970, yeye na Passeron walitoa kitabu wakieleza kwamba shule humdai mtoto vitu ambavyo yenyewe haimpi: lugha, mazoea, namna ya kukaa na kujibu. Aliyevipata nyumbani huonekana ana kipaji, na asiyevipata huonekana mzito. Kisha shule huwapa wote mtihani mmoja, na matokeo hufanya tofauti ya nyumba zao ionekane kama tofauti ya akili zao. Bourdieu alikuwa akizungumzia shule za Ufaransa, lakini mwenye macho ataiona madrasa yetu humo.

Maulamaa walitutangulia

Asije mtu akadhani kwamba namna hii ya kutazama imeletwa na Wazungu. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu cha elimu ndani ya Ihya, aliona kwamba miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu, ilhali wanafunzi walisongamana katika fiqhi. Tiba ni faradhi ya kifaya. Kwa nini basi imeachwa? Jibu lake halikuwa kwamba watu hawana akili ya tiba. Alieleza kuwa tiba haimfikishi mtu kwenye ukadhi, wala usimamizi wa wakfu na mali za mayatima. Aliitazama njia ya vyeo, akaeleza kwa nini wanafunzi wanakwenda wanakokwenda.

Ibn Khaldun, aliyeikamilisha Muqaddima yake mwaka 1377, alilinganisha jinsi watoto walivyofundishwa Maghrib, Andalusi, Ifriqiya na Mashariki. Alilisifu pendekezo la Kadhi Abu Bakr ibn al-Arabi la kumwanzisha mtoto kwa lugha na hesabu kabla ya Qur'ani, ili aje kuisoma akiifahamu. Lakini akasema desturi haisaidii jambo hilo, akatoa na sababu: wazazi wanataka baraka, na wanahofu kwamba kijana akishabaleghe atawaponyoka kabla hajaipata Qur'ani. Kuhusu fimbo alisema wazi kwamba ukali humfunza mtoto uvivu, uongo na hila, kwa kuogopa mkono ulio juu yake. Haya yalisemwa na kadhi wa Kimaliki, karne nyingi kabla ya Durkheim kuzaliwa.

Nadharia inapofika mwisho wake

Ndugu mmoja alinipinga akasema: ukieleza kila kitu kwa mpangilio, umemwondolea mtu wajibu wake, na qadar umeiweka wapi? Ni hoja nzito. Jibu langu ni kwamba kuamini qadar kunatutuliza kwa yaliyokwisha kupita, wala hakutupi ruhusa ya kuyaita mapuuza yetu mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Surat Ar-Ra'd, aya ya 11, inatufundisha kwamba Allah habadilishi hali ya watu mpaka wao wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Aya inataja kaumu, yaani watu kwa pamoja. Wajibu wa mtoto kujitahidi uko palepale, na wajibu wetu wa kumwekea mkeka wa haki nao uko palepale.

Lakini nakubali kwamba nadharia ina mpaka. Bourdieu anaweza kunionyesha jinsi mtoto wa muuza ndagala anavyoachwa nyuma. Ubaya wa kumwacha sikuujua kwake. Nimeujua katika Surat Abasa.

Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi akitarajia wasilimu. Nia ilikuwa njema kuliko nia zote, na maslahi yalionekana makubwa. Akaja Abdullah ibn Ummi Maktum, kipofu, akitaka kufundishwa. Akakunjiwa uso, na wahyi ukateremka kwa ajili yake. Baadaye kipofu huyo akawa mwadhini, na Mtume alipokuwa safarini alimwachia Madina.

Ikiwa mwalimu bora kuliko walimu wote alizinduliwa na Mola wake kuhusu ni nani anayeelekezewa uso, sisi tunaojitetea kwa nia njema tuna udhuru gani? Nia tunayo. Maalim wetu naye anayo: anafundisha watoto wengi kwa malipo madogo, pengine bila malipo yoyote, na hana msaidizi. Nadharia ya jamii inamlinda hata yeye, kwa kuwa haimtwishi peke yake lawama ya mpangilio ambao sisi sote tumeuacha hivyo. Kwa hiyo mwanafunzi asiitumie kuwadharau waliomfundisha alifu na be. Aitumie kuwapunguzia mzigo.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo matatu kwa jumuiya yetu. Kwanza, kila madrasa tunayoisaidia iwe na daftari la watoto walioacha, na mmoja wetu aende nyumbani kwao aulize sababu. Sasa hivi tunawahesabu waliokhitimu tu. Pili, tuwe na saa moja baada ya Alasiri ya kuwasikiliza masomo watoto wasio na wa kuwasikiliza kwao, na anayejua Kirundi awaeleze kwa Kirundi. Tatu, tukae na walimu kwa adabu tuzungumze kuhusu fimbo ya kuchelewa, tukianza na swali: huyu anachelewa kwa nini?

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mfadhili kutoka nje. Yanahitaji tu tukubali kwamba mtoto aliyeondoka mkekani ni amana iliyokuwa mikononi mwetu, na kwamba tutaulizwa kuhusu yeye kama tutakavyoulizwa kuhusu yule aliyesimama kusoma mbele ya wageni.

Wallahu a'alam. Mwenye rai tofauti na ajibu katika toleo lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.