Mlishe Paka Kwanza

Mwanangu, kaa kidogo. Najua una haraka. Wewe siku zote una haraka. Unasema paka wako mvivu, analala mchana kutwa huku panya wanatoboa gunia la unga. Jirani amekushauri umnyime chakula ili njaa imtume kazini. Ushauri huo ni wa zamani hapa Likasi. Mimi pia niliufuata.

Tulikuwa tukikaa kambini, huko Panda, enzi wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines walipokuwa wakipewa posho ya unga. Penye unga hapakosi panya. Nikatafuta paka, nikamwacha na njaa makusudi. Unajua alichofanya? Alijifunza kufunua masufuria ya majirani. Mama mmoja alikuja mlangoni kwangu na sufuria tupu mkononi, ndagala zote zimeliwa, nami nikakosa la kusema. Panya wakaendelea na unga wangu kwa raha zao.

Nilichelewa kuelewa kwamba kwa paka, njaa na kuwinda ni mambo mawili. Mwaka 1976 mtafiti Robert Adamec alieleza jaribio lake: aliwapa paka chakula wanachokipenda, na walipokuwa wakila akawaachia panya hai. Waliacha chakula, wakaua panya, kisha wakarudi kula. Wazee wa paka wetu ni paka mwitu, nao huishi kwa windo dogo dogo. Panya mmoja si mlo. Paka huhitaji kama kumi kwa siku, na mara nyingi hukosa. Angengoja tumbo limwume ndipo aanze kuvizia, angekuwa amechelewa. Kwa hiyo kikichakura kitu gizani huamka, ameshiba au hajashiba. Njaa itamfanya azurure zaidi, ndiyo, lakini hakuna aliyemwambia azururie ghalani kwako.

Na usingizi wake? Saa zake ni jioni na alfajiri, panya wanapotoka. Wewe unamhukumu saa sita mchana. Mwezi wa saba, baridi yetu ikikaza, atajikunja karibu na mbabula ya makaa mpaka usikie harufu ya manyoya yakiungua. Msogeze tu, usimpige.

Usimwite katili pia. Siku moja mtazame vizuri akiwa na panya mkubwa. Anampiga kofi, anaruka nyuma, masikio ameyalaza, anampiga tena. Unadhani anacheza. Panya huyo ana meno, mwanangu, na akimuuma jichoni paka hana daktari. Anamchosha kwanza, ndipo amshike nyuma ya shingo. Mimi nilikuwa nikimnyang'anya na kumalizia kwa fimbo, nikijiona nimemsaidia. Nilikuwa namkatiza tu kazi yake.

Hamu ya kukimbiza anazaliwa nayo. Ustadi wa kuua, sehemu kubwa hujifunza kwa mama yake. Mama huwaletea watoto panya aliyekufa, baadaye huwaletea aliye hai, akiwaangalia wanavyohangaika naye. Basi ukitaka paka wa kazi, ulizia kwanza kama mama yake anawinda. Kisha mwache mtoto kwa mama yake mpaka miezi miwili itimie. Hapo ndipo ninyi vijana mnaposhindwa. Mnambeba angali mdogo, mnamfungia ndani, halafu mnalalamika hajui kitu.

Kumlisha nako kuna namna yake. Bukari peke yake haimfai. Mwili wa paka unataka taurini, ambayo huipata kwenye nyama na samaki. Akiikosa muda mrefu macho huharibika na moyo hudhoofika. Weka vichwa vya ndagala, weka utumbo wa kuku, kidogo asubuhi na kidogo jioni. Sahani yake iweke karibu na unga, maana atapenda kukaa hapo.

Na ile sumu ya panya wanayouza sokoni, isiingie kwako. Mara nyingi panya aliyeila hafi papo hapo. Huzunguka akilegea, na huyo ndiye paka atakayemdaka kwanza. Waombe na majirani wasiitumie. Watakusikiliza, ikiwa paka wako hajafika kwenye masufuria yao.