Wakili wa Wakili
Maradhi ya korona yalipoenea Uingereza, Bunge la nchi ile, ambalo tangu kale lilishikilia kuwa shauri hufanywa uso kwa uso, liliridhia mwezi wa Aprili 2020 wabunge wasiozidi 50 waketi ukumbini na wengine hadi 120 wasemee majumbani mwao kwa njia ya video. Na mwezi wa Mei hata kura zikapigwa kwa mbali. Rukhsa hiyo haikudumu. Tarehe 2 Juni wabunge walipanga foleni ndefu mno, kila mmoja mbali na mwenziwe, wakapita ukumbini wakitaja jina na kura, ilhali wenzao wagonjwa wamebaki nyumbani. Baadaye wasiofika wakaruhusiwa kupigiwa kura na wengine, hata mnadhimu mmoja wa chama akawa anashika kura za mamia ya wenzake.

Hapo ndipo nafsi yangu inapokataa. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yetu, hufundisha kuwa wakili hamweki wakili mwingine katika jambo aliwezalo mwenyewe, ila kwa idhini ya aliyemtuma. Na mbunge ni nani kama si wakili wa watu waliomwamini yeye, si mnadhimu wake? Kuhifadhi uhai ni wajibu, wala siupingi hata chembe. Lakini maadamu mgonjwa yule aliweza kupiga kura yake mwenyewe akiwa kitandani, kama alivyofanya mwezi wa Mei, sioni dharura gani iliyohalalisha amana ile kutiwa mkononi mwa mwingine.