Silaha ya Siri Katika Mkutano wa Hadhara

Msomaji mpendwa, fikiri juu ya baraza. Watu wa Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha, wameitwa uwanjani wazungumze juu ya maji, malisho na mipaka. Wamekuja mkulima na mfugaji, mzee na kijana, mama aliyebeba mtoto na mwanasiasa atafutaye kura. Kila mmoja ameleta neno lake. Mmoja wao, zaidi ya neno lake, ameleta bastola chini ya koti. Ana cheti cha Serikali. Hajamtisha mtu, wala hana nia ya kumtisha. Hapana ajuaye alichonacho ila yeye mwenyewe. Je, amemkosea nani? Swali hili ni jepesi kuliuliza, lakini ni zito kulipima. Nakuomba tulipime pamoja.

Tuanze na sheria. Katika Kenya, raia hana ruhusa ya kuwa na bunduki wala bastola bila cheti, na aombaye cheti hutakiwa kuonyesha sababu njema na mwenendo usio na shaka. Desemba 2018 Serikali ilifuta vyeti vyote vya raia, ikawataka wenye silaha wachunguzwe upya. Kwa hiyo cheti si urithi; ni amana, na amana huweza kudaiwa na mwenyewe. Kwa upande wa pili, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 37, humpa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka maombi yake kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Maneno hayo ya mwisho si ua uliojengwa nje ya haki. Ni sehemu ya haki yenyewe. Sheria ya utulivu wa umma nayo hukataza mtu kuja mkutanoni na silaha ya kudhuru bila mamlaka halali. Mwenye cheti atasema, "Mamlaka ninayo." Hapo ndipo sheria hukabidhi swali kwa dhamiri.

Si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Mwenye bastola atasema kwamba maisha yake yametishwa, kwamba askari hawezi kuwa kila mahali, na kwamba mwovu haombi cheti. Hoja hii ina uzito. Tom Mboya, waziri mwenye sifa kubwa, alipigwa risasi mchana katikati ya Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Huko Marekani, mwaka 2022, Mahakama ya Juu iliamua kuwa raia ana haki ya kuchukua bastola nje ya nyumba yake kwa kujikinga. Lakini hata mahakama hiyo ilikubali kuwa zipo mahali ambapo silaha huweza kukatazwa, kama vile mabunge, mahakama na vituo vya kupigia kura. Uingereza ilichukua njia nyingine. Mwaka 1996, katika mji wa Dunblane, mtu mmoja aliwaua watoto 16 na mwalimu wao shuleni kwa bastola alizokuwa nazo kwa idhini ya sheria. Mwaka uliofuata bastola za raia zilipigwa marufuku karibu zote. Cheti kilieleza mtu alivyoonekana siku alipopewa; hakikueleza atakavyokuwa kesho.

Sasa tujibu. Kwanza, risasi haina macho. Nyumbani, usiku, mtu hujikinga na adui mmoja mlangoni. Mkutanoni, nyuma ya adui yupo mtoto, na nyuma ya mtoto yupo bibi kizee. Pili, hofu ni shahidi mbaya. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; naye mwenye silaha akishtuka, kosa lake halina marekebisho. Tatu, na hili ndilo kubwa, baraza ni mizani ya hoja. Maskini na tajiri huwa sawa pale kwa sababu kila mmoja hushinda au hushindwa kwa maneno. Mwenye bastola akishindwa kwa maneno, bado amebakiwa na kitu. Wenziwe hawana.

Wengine husema silaha iliyofichwa ni adabu, kwa kuwa haimwogopeshi mtu. Mimi naona kinyume. Silaha ya wazi humpa jirani nafasi ya kuamua: akae au aondoke. Silaha ya siri humnyang'anya nafasi hiyo, ikamweka katika hatari asiyoikubali kwa kuwa hakuijua. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kinachoweza kukula ki nguoni mwa jirani yako.

Hata hivyo, tusidanganyike kuwa kukataza bastola ni kusafisha mioyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Naivasha na Nakuru ziliona watu wakiuawa kwa mapanga na kwa moto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 katika nchi nzima. Wala tusisahau wajibu wa Serikali. Amwambiaye raia aache silaha nyumbani amejitwika mzigo wa kumlinda. Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, baadhi yao waliuawa kwa risasi. Raia akija mikono mitupu kisha akauawa na yule aliyepaswa kumlinda, ahadi imevunjwa, na kila kaburi huwa hoja mpya kinywani mwa mwenye bastola ya siri. Kwa hiyo kipimo ni kimoja kwa wote: silaha ya askari na ionekane, mchukuzi wake na ajulikane, naye ajibu kwa kila risasi.

Ewe mwanafunzi, kesho utakuwa diwani, mwalimu, chifu au mpiga kura. Utakapokwenda penye watu wengi, jiulize: ninachokichukua, naweza kumwambia aketiye kando yangu? Ukiweza, nenda nacho. Usipoweza, kiache nyumbani. Au, kama hofu yako ni ya kweli, kamweleze askari kabla ya mkutano. Haki ya kusema mbele ya watu imenunuliwa kwa bei kubwa katika nchi hii, nayo hudumu pale tu ambapo anayepingwa hana cha kujibu nacho ila ulimi wake.