Kiwanja cha Ugenini ni cha Nani?

Sisi tukaao kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira na Kalundu hata Makobola na Baraka, hatukuzoea kuuona mpaka kama ukuta. Kutoka Kavimvira hata Gatumba ya Burundi ni mwendo mfupi, na ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Kigoma, wengi wetu wana ndugu. Vita ya mwaka 1996 iliwavusha maelfu ya watu wa Uvira na Fizi hata kambi ya Nyarugusu. Tena mwezi wa Aprili 2020 mafuriko yalibomoa nyumba nyingi za mji wetu. Si ajabu basi kwamba baba mwenye akiba kidogo husema moyoni: heri nipate kiwanja ng'ambo, watoto wasikose pa kukimbilia.

Shauri hilo si baya. Lakini twauliza: yule aliyetoa feza akapewa karatasi, amenunua nini? Wengi hudhani karatasi ndiyo haki. Sivyo. Karatasi yashuhudia haki iliyopo. Haiwezi kuumba haki isiyokuwapo. Ng'ombe wa wizi hawi halali kwa kuuzwa mara tatu, hata kama kila mara pameandikwa barua yenye muhuri.

Tuanze nyumbani, tusije tukawalaumu jirani bure. Katika Kongo, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali. Tunachokiita "parseli yangu" ni ruhusa ya kuutumia, nayo yathibitishwa na hati iliyoandikwa katika kitabu cha mhifadhi wa hati za ardhi. Mkongomani aweza kupewa ruhusa ya daima. Mgeni hapewi hiyo. Hupewa ruhusa ya miaka isiyozidi 25, yaweza kufanywa upya. Barua ya mauzo yenye sahihi ya mkubwa wa mtaa peke yake haitoshi kwa mwananchi, sembuse kwa mgeni.

Tanzania nayo ina utaratibu wake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zasema kwamba ardhi yote ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini. Asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Basi mkimbizi anayenunua shamba kwa mwanakijiji karibu na Kasulu, mbele ya mashahidi kumi, hata kama amelipa mpaka senti ya mwisho, hakupata milki. Muuzaji hakuweza kumpa, naye hakuweza kupokea.

Hapo ndipo werevu wa dunia huingia. Mtu humwambia shemeji yake aliye raia: "Andika jina lako, lakini kiwanja ni changu." Siku ya kwanza wote wawili hucheka. Je, shemeji akifa? Watoto wake wataleta hati, nao watasema kweli: jina ni la baba yetu. Je, wakigombana? Mwenye feza akienda barazani, itampasa kwanza aseme kwamba alikusudia kuizunguka sheria. Rahisi ghali, wasema wazee. Lakini ubaya si hasara tu. Mapatano yaliyojengwa juu ya uongo humweka hata ndugu mwaminifu katika jaribu ambalo hakulitafuta.

Mtu atatujibu: "Ninyi mwasema hivyo kwa kuwa mna paa. Aliyekaa kambini miaka ishirini afanye nini?" Neno hilo ni zito, wala hatulidharau. Sheria inayomfungia mkimbizi mlango yaweza kuwa ngumu, na ni halali kuiomba Serikali iilegeze. Lakini ziko njia zisizo na uongo. Aliye na ruhusa ya kukaa nje ya kambi aweza kupanga nyumba kwa mkataba ulio wazi. Na mwenye mke au mtoto aliye raia aweza kumpa feza anunue kwa jina lake, ikiwa ampa kweli, kiwanja kiwe chake hata wakikosana. Kumpa mtu mali ni jambo moja. Kuliazima jina lake ni jambo jingine.

Iko hatari ya pili, nayo yaonekana zaidi Burundi. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji, na mashamba yao katika tambarare ya Imbo, toka Rumonge kushuka kusini, yakashikwa na wengine. Wako waliogawiwa na Serikali. Wako walionunua kwa hao waliogawiwa. Sheria ya mwaka 1986 ilimwezesha mtu aliyeishika ardhi miaka 30 bila kupingwa kuidai iwe yake. Lakini mkimbizi aliye Tanzania angepingaje? Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 yakakiri kwamba mkimbizi apaswa kurudishiwa mali yake, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya kuamua mashauri hayo. Pande zote mbili walikuwamo watu wasioiba kitu. Mmoja ana hati, mwingine ana makaburi ya wazazi wake.

Basi mnunuzi asiulize tu, "Je, sheria itanilinda?" Aulize pia, "Nani alikaa hapa kabla, naye aliondokaje?" Asiyejua, na hakuwa na sababu ya kushuku, hana hatia. Lakini aliyesikia mnong'ono akaziba masikio kwa kuwa bei ni ndogo, hawezi tena kujiita mnunuzi mwema. Na muuzaji naye ana wajibu: Mtakatifu Thomas wa Akwino afundisha kwamba anayejua ila iliyofichika iwezayo kumdhuru mnunuzi, imempasa kuitaja.

Abrahamu alipotaka mahali pa kumzika Sara, alianza kwa kukiri mbele ya Wahiti kwamba yeye ni mgeni. Walitaka kumpa bure. Yeye akalipa shekeli 400 za feza mlangoni pa mji, watu wote wakisikia, shamba na pango na miti vikitajwa. Hakujificha nyuma ya jina la mtu.

Mgeni ni kuku mweupe, haonekani kwa shida. Kwa hiyo anayetaka kiwanja ng'ambo na aende kwanza ofisi ya ardhi ya nchi ile, aulize kama yeye, kwa uraia wake, aruhusiwa kupokea, na kama jina la muuzaji limo kitabuni. Kisha atembee mipakani pamoja na majirani, amwulize mke wa muuzaji na watoto wake wakubwa. Feza itoke mwisho. Akiambiwa kwamba jambo hili lafaa kufanywa kimya, na afunge mkoba wake arudi nyumbani.