Mlindie Jirani Naye Akulindie

Wanangu wa Vanga na Jimbo upande wa Kenya, nanyi wa Jasini na Moa upande wa Tanzania, nawausia kwa pamoja kwa sababu mwavua bahari moja.

Kenya na Tanzania zilipokubaliana mpaka wa baharini mwaka 1976, hazikumsahau mvuvi mdogo. Mwenyeji anayevua kwa riziki yake aliruhusiwa kuvua hadi maili 12 za baharini kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo. Hiyo ni haki yenu. Lakini anayeruhusiwa kuvua kwa jirani ana wajibu wa kulinda kwa jirani.

Mtazameni pweza. Jike huingia pangoni, akatundika mayai darini, akakaa bila kula, akiyapepea maji mpaka yaanguliwe; kisha hufa. Vitoto vyake, vidogo kuliko punje ya mchele, huelea wiki kadhaa kabla ya kushika mwamba, na mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini. Basi jike akichokolewa Moa mayai yakiwa bado, huenda Vanga nayo imepoteza.

Mto Umba nao huanzia Usambara, Tanzania, ukaingia baharini Kenya, karibu na Vanga. Mikoko inayolea kamba pale hunywa maji ya mlima wa nchi nyingine.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Mkifunga mwamba wa pweza, fungeni pande zote mbili na mfungue siku moja, ili mama anayeshuka na mchokoo maji ya bamvua asikute mwenziwe keshamaliza. Zana iliyopigwa marufuku kwenu msiivushe usiku kwenda kwa wenzenu. Juya likivutwa juu ya nyasi bahari huzoa vitoto vya tasi na changu kabla havijazaa hata mara moja. Na kamati zenu za usimamizi wa fukwe (BMU) zikutane kabla ya kila kaskazi na kila kusi, mkubaliane nani analinda wapi, na anayekosa anaonywa na nani.

Serikali zetu zote mbili zimo katika Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 wa kulinda mazingira ya bahari, na zimekuwa zikizungumzia hifadhi moja ya bahari itakayovuka mpaka huu. Mazungumzo ni mema, ila msiyangoje. Miamba mnaijua nyinyi kwa majina. Anzeni na mmoja, uwe wa watu wa pande zote mbili, muulinde kweli, maana akiba haiozi.